Nyumba Yangu, Ardhi ya Mwenyewe

Nyumbani kwetu Junda kuna kopo la Kimbo ambalo halijaonja mafuta tangu nipate akili. Ndimo mamangu alimohifadhi risiti za kodi ya ardhi, zimekunjwa mara nne na kufungwa kwa uzi wa cherehani. Kodi ya ardhi si kodi ya nyumba. Nyumba ni yetu: babangu ndiye aliyesimamisha boriti na kufunga fito, akakandika udongo, kisha miaka ikienda akawa anabomoa ukuta mmoja na kuurudisha kwa matofali kila alipopata pesa. Cha mwenyewe ni kile kiwanja tu. Na mwenyewe hatukupata kumwona. Tulimjua kijana wake, aliyekuja na kitabu cha risiti kwapani na kubisha hodi huku keshavua viatu, maana alijua atapewa chai.

Mtu wa bara akielezwa haya hushika kichwa. Kwao mwenye shamba ndiye mwenye nyumba iliyo shambani, basi. Hapa Mombasa nyumba bila ardhi ni mali kamili: huuzwa, hurithiwa, mjane akatolewa thumuni yake humo, na madalali wanajua bei yake. Kwa muda mrefu niliamini jambo hili ni letu peke yetu, kiraka kilichosalia cha enzi ya Sultani. Kisha nikaanza kusoma habari za Koto, mojawapo ya wadi 23 za Tokyo, nikakuta kule nako wako watu wanaolipa kodi ya ardhi chini ya nyumba zao wenyewe, na wamelipa kwa vizazi. Tofauti ni kwamba kule nyumba ilipewa ulimi.

Neno "wadi" lisitudanganye, kwa kuwa linabeba vitu viwili visivyolingana. Junda ni wadi moja kati ya saba za eneo bunge la Kisauni, pamoja na Mjambere, Magogoni, Mtopanga, Bamburi, Shanzu na Mwakirunge. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 tunamchagua mwakilishi mmoja anayekwenda kuketi katika bunge la kaunti, na kila tunachokitaka, iwe taa ya barabarani au mfereji, sharti akakiombe huko. Koto ina meya wake, baraza lake na bajeti yake, na wakazi zaidi ya 500,000. Kisauni nzima, wadi zote saba, ilihesabiwa watu 291,930 katika sensa ya 2019. Kwa hiyo mizani haikai sawa, nami sitajisumbua kuisawazisha. Hata hivyo Wajapani nao walinyang'anywa sauti wakarudishiwa: wakazi wa wadi za Tokyo waliondolewa haki ya kumchagua meya wao mwaka 1952, na hawakuipata tena mpaka 1975.

Kinachozifananisha kweli ni tope. Junda imelalia ufuo wa hori ya Tudor, lile tawi la bahari linalozunguka nyuma ya kisiwa cha Mvita na kupenya ndani hadi linapopokea mito ya Kombeni na Tsalu. Maji yakijaa wakati wa bamvua, mikoko husimama majini hadi kifuani; yakipwa, hubaki uwanda mweusi wenye mashimo ya kaa, na harufu ile ambayo aliyezaliwa hapa haisikii mpaka asafiri na kurudi. Koto nayo ilianza hivyo. Tokugawa Ieyasu alipoingia Edo mwaka 1590, upande wa mashariki wa mto Sumida ulikuwa matete na kinamasi. Mtu mmoja aliyeitwa Fukagawa Hachiroemon aliongoza kazi ya kukausha sehemu yake, na inasimuliwa kwamba Ieyasu alipouliza mahali pale paitwaje akaambiwa hapana jina, akaamuru paitwe kwa jina la yule aliyepafyeka. Fukagawa ikaja kuwa wadi, na tarehe 15 Machi 1947 ikaunganishwa na jirani yake Joto, ndipo ikazaliwa Koto.

Koto maana yake ni "mashariki ya mto". Litazame vizuri jina hilo. Halisemi mahali pana nini; lasema anayepataja amesimama upande wa pili. Ni jina lililotolewa kutoka magharibi, kwenye ngome ya mtawala. Na sisi tukiitwa watu wa ng'ambo, ni ng'ambo ya nani? Mwenye kusema ng'ambo yuko kisiwani.

Nimekuja kuona kwamba ng'ambo ina kazi yake katika kila mji: hupokea kile ambacho mji hautaki karibu. Edo ilipoungua tena na tena katika karne ya 17, wafanyabiashara wa mbao walisukumwa kuvuka mto ili magogo yao yasiwe kuni za moto mwingine. Kufikia 1701 walikuwa na mahali pao, Kiba, jina lenye maana ya mahali pa miti, ambapo magogo yalielea katika mabwawa na vijana wakayatembelea kwa miguu mitupu wakiyazungusha majini. (Mikoko yetu nayo ilikwenda mbali. Boriti za pwani hii zilipakiwa majahazini hadi Arabuni kusikokuwa na miti, na hapa kwetu upana wa chumba cha nyumba ya kale ya mawe uliamuliwa na urefu wa boriti. Fundi hakuuliza unataka chumba kikubwa kiasi gani. Aliuliza boriti zimekuja za urefu gani.) Upande wetu, soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873 na manowari za Kiingereza zikawa zinakamata majahazi yaliyobeba watu, wamishenari wa CMS walianzisha kijiji cha walioachwa huru. Hawakukiweka kisiwani. Walikivusha maji hadi Kisauni, wakakiita Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere, wakatundika kengele ambayo hadi leo imeiachia njia panda ile jina la Kengeleni. Waliookolewa wakajenga nyumba zao juu ya ardhi ya misheni.

Baada ya mbao na watu, zikaja taka. Kwa miaka mingi Tokyo nzima ilimwaga takataka zake katika ufuo wa Koto, hadi pakatokea kisiwa kizima kilichoitwa Yumenoshima, kisiwa cha ndoto, jina ambalo nashindwa kuamua kama ni kejeli au ni bahati mbaya tu. Mwaka 1971 gavana Ryokichi Minobe alitangaza vita dhidi ya taka. Wakazi wa Suginami, wadi ya magharibi yenye nafasi na bustani, walikataa kujengewa tanuri la kuchomea taka karibu na makazi yao. Watu wa Koto wakajibu kwa kuyasimamisha malori ya Suginami njiani, zaidi ya mara moja, viongozi wao wakiwa mstari wa mbele. Taka zikarundikana kwa wenyewe. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kila wadi na ibebe uchafu wake. Nami huyakumbuka malori yale kila ninaponyweshwa vumbi na lori linalokwenda Mwakirunge, ndani ya Kisauni hii hii, zinakotupwa taka za Mombasa tangu jaa la Kibarani lilipofungwa. Hapajatokea mtu wa kusimama barabarani.

Kuvuka nako kumeua pande zote. Mwaka 1807, siku ya sikukuu ya hekalu la Hachiman kule Fukagawa, umati ulilielemea daraja la Eitai likakatika, wakafa watu kwa mamia. Waliokuwa nyuma hawakujua, wakazidi kusukuma. Wapwani hawahitaji kuelezwa habari kama hiyo: tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama upande wa Likoni na watu 272 wakaangamia. Sisi wa Kisauni tulipata daraja mapema, lile la maboya la 1931, na daraja la sasa la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980 lilijengwa na Wajapani. Ndilo lililoifanya Junda. Kabla yake Kisauni ilikuwa mashamba ya minazi na mihogo. Baada yake mtu aliweza kufanya kazi Kilindini na kulala Mishomoroni, na wenye mashamba wakagundua kwamba kiwanja cha nyumba hulipa kuliko mnazi.

Hapo ndipo kodi ya ardhi ilipopata nguvu, na hapo ndipo panaponikera.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1895 Uingereza ilikodi ukanda wa maili kumi wa pwani kutoka kwa Sultani wa Unguja kwa paundi 11,000 kwa mwaka. Serikali yenyewe, yaani, ilikuwa mpangaji. Ilijenga ofisi, gati na reli juu ya ardhi ya mwenyewe, ikalipa kodi hiyo mpaka Desemba 1963. Mpangaji huyu mkubwa ndiye aliyeleta Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyomtaka kila mwenye madai ndani ya ukanda ajitokeze mbele ya msajili na kuthibitisha. Waliojua kusoma, waliokuwa na kadhi na mashahidi, walipata hati. Kisichodaiwa kikawa cha Taji. Wamijikenda waliolima na kuzika humo kwa vizazi walitoka mikono mitupu kwa sehemu kubwa, na wajukuu wa wengi wao ndio leo wanaoitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao.

Sheria za Kiingereza zinaamini kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Pwani haikuamini hivyo. Mila zetu na sheria ya Kiislamu viliweza kuitenga ardhi, nyumba na mti, kila kimoja na mwenyewe: shamba la huyu, minazi ya yule, banda la mwingine. Mahakama za Pwani zimelazimika kulikubali jambo hilo kwa sababu liko mbele ya macho yao. Lakini kukubali si kulinda. Mwenye nyumba bila ardhi huhesabiwa yupo kwa ridhaa ya mwenye kiwanja, na ridhaa hukatwa kwa notisi.

Sasa tazama kilichotokea Japani mwaka mmoja tu baada ya ile sheria yetu ya 1908. Kule pia ardhi na nyumba ni mali mbili, kila moja ina daftari lake la usajili. Baada ya vita vyao na Urusi vya 1904 na 1905 bei ya viwanja mijini ilipanda, na wenye ardhi walitaka kupandisha kodi. Mpangaji akikataa, mwenye kiwanja aliuza ardhi, mara nyingi kwa mnunuzi wa kupanga naye, na mwenye ardhi mpya akasema: mimi sikukubaliana na mtu, ondoa nyumba yako. Wajapani waliuita mchezo huu jishin baibai, mauzo ya tetemeko, kwa kuwa nyumba zilianguka kama zimepigwa na tetemeko la ardhi bila ardhi kutikisika. Sheria ya 1909 ikaukomesha kwa kanuni moja: mwenye nyumba akishaisajili nyumba yake kwa jina lake, haki yake ya kukaa pale inamfunga yeyote atakayenunua ardhi. Hakuhitaji saini ya mwenye kiwanja. Nyumba ikasimama na kujisemea.

Kanuni hiyo moja, kwa maoni yangu, inapita hotuba zote za ardhi nilizowahi kuzisikia katika viwanja vya kampeni. Haikumnyang'anya mtu shamba. Haikumfanya mpangaji kuwa mmiliki. Iliamua tu kwamba mauzo hayageuki kuwa kufukuzwa.

Sheria ya 1921 ikaenda mbele zaidi, ikaweka miaka. Pale mkataba uliponyamaza, nyumba ya kawaida ilipewa miaka 30 na nyumba ya kudumu, ya mawe au matofali, miaka 60. Linganisha na Junda. Kwetu mwenye kiwanja huvumilia udongo na makuti. Ukileta matofali anatuma mtu kuuliza una nia gani. Ndiyo maana babangu alijenga ukuta mmoja mmoja, tena wa nyuma kwanza, wa mbele mwisho. Kule jiwe liliongeza miaka. Kwetu jiwe huleta ugomvi.

Hata moto haukuikata haki hiyo. Fukagawa iliungua karibu yote katika tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923, ikaungua tena usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ndege za Marekani zilipoteketeza mashariki ya Tokyo na kuua watu wapatao 100,000. Sheria ya 1946 ikawapa waliokuwa wakiishi katika nyumba zilizoungua nafasi ya kwanza ya kukodi viwanja vile vile. Nyumba haipo, mtu yupo, haki ipo.

Nisiipambe Koto kupita kiasi. Ulinzi huo uliwafanya wenye ardhi wengi kuogopa kukodisha kabisa, maana kiwanja kikishatoka kilikuwa kama kimeozwa, hadi sheria ya 1991 ikaruhusu ukodishaji wa muda maalumu usiofanywa upya. Na ardhi yenyewe iliwasaliti: viwanda vilifyonza maji ya chini kwa miaka mingi kiasi kwamba sehemu za Minamisuna zilizama zaidi ya mita 4. Leo sehemu kubwa ya wadi iko chini ya usawa wa bahari maji yakijaa, na kuta na milango ya maji ndiyo inayozuia mafuriko. Haki ya kukaa juu ya ardhi inayodidimia ina utani wake.

Nasi hatuko bila mlango. Sheria ya Kenya humpa hati mtu aliyeikalia ardhi ya mwenzake waziwazi kwa miaka 12 bila ruhusa. Bila ruhusa: hapo ndipo mtego ulipo. Kila risiti iliyo katika kopo la mamangu ni ushahidi kwamba tulikaa kwa ruhusa. Ile karatasi iliyomfanya alale usingizi, ya kuonyesha kwamba tumelipa na hatudaiwi, ndiyo inayotufungia mlango wa miaka 12. Jirani aliyekaidi na kumfukuza kijana wa risiti kwa mwiko ana hoja mahakamani kuliko sisi tuliompa chai. Kule Likoni, kwenye lile shamba la ekari 930 ambalo kila Mpwani analijua kwa jina la mwenyewe, waliovamia ndio waliopata hati mwaka 2016, baada ya serikali kulinunua. Sisemi hawakustahili. Nasema uaminifu haukupewa fungu.

Mkazi maarufu kuliko wote wa Koto naye alikaa kwa hisani. Mshairi Matsuo Basho alihamia Fukagawa mwaka 1680, kwenye kibanda alichopewa na mwanafunzi wake aliyekuwa mwuza samaki. Mwanafunzi mwingine akampandia mgomba mlangoni. Mgomba kwa Kijapani ni basho, na watu wakakiita kibanda kibanda cha mgomba, kisha mwenyewe akaitwa hivyo hivyo, jina la zamani likasahaulika. Kibanda kiliungua, akajengewa kingine kwa michango, na mwaka 1689 alikitoa kwa watu wengine kabla ya kuianza safari yake ndefu ya kaskazini. Alikuwa mtu wa mizani 17, tano na saba na tano. Mshororo mmoja wa shairi letu una mizani 16, kwa hiyo utungo wake wote ungekaa katika mstari wetu mmoja na kubakiza silabi moja nje, mlangoni, kama huo mgomba. Ardhi haikuwa yake na nyumba hazikudumu. Mti ndio uliompa jina, jambo ambalo mzee yeyote wa Kisauni angelielewa mara moja, kwa kuwa hapa mtu angeweza kufa hana hata shibiri ya ardhi na bado akawaachia wanawe minazi mitatu kwenye shamba la mtu.

Sisi tuna mwembe. Aliupanda mamangu mwaka niliozaliwa, na yule kijana wa risiti, alipozeeka naye, alikuwa akichukua embe zake msimu ukifika na kusema, "Hizi si za tajiri, Mama, hizi ni zako; mimi naomba tu." Aliijua sheria ya zamani bila kuisoma.

Mamangu alifariki mwaka juzi. Tulipokwisha kusoma arubaini nikalifungua kopo kutafuta karatasi za mirathi, nikazipanga risiti zote kitandani kwa miaka yake. Mwandiko ni ule ule tangu mwanzo, kiasi kimepanda polepole. Lakini zile tatu za mwisho zina jina jingine juu. Si la mtu, ni la kampuni, na anwani ni ya Nairobi. Shamba liliuzwa mamangu akiwa hai na hakuna aliyetuambia. Au labda yeye aliambiwa, akalipa, akakunja karatasi mara nne kama kawaida. Kaka yangu anasema twende kwa wakili. Wakili atauliza tuna nini, nasi tutamwonyesha risiti.

Nimezirudisha humo humo koponi, zile tatu juu, nikaufunga uzi. Mwembe mwaka huu umebeba sana upande wa barabarani.